Adro na Wanawe: Vitisho vya Usiku wa Kiangazi, Arua na Koboko

Katika nchi za baridi za Ulaya, ambako mwezi wa Desemba huja na usiku mrefu kupita mchana na theluji hufunika njia na mashamba, watu wamezoea tangu kale kuifungamanisha sikukuu ya Krismasi na viumbe wa kuogofya, na kila taifa lina wa kwake. Huko Austria na Bavaria, usiku wa tarehe 5 Desemba, ambao ni mkesha wa sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi, vijana hujivika ngozi za mbuzi na kondoo na vinyago vya mbao vyenye pembe, wakajifunga kengele viunoni, wakashika fimbo na kuzunguka mitaani kwa sura ya Krampus, ambaye kazi yake ni kuwaadhibu watoto waliokosa adabu wakati Mtakatifu mwenyewe akiwatunuku wale wema. Wagiriki nao walisimulia habari za kallikantzaroi, vijitu vyeusi wakaao chini ya ardhi mwaka mzima wakiukata kwa msumeno mti unaoushikilia ulimwengu, ambao hupanda juu kwa siku kumi na mbili tu, kuanzia Krismasi hata tarehe 6 Januari, kuja kuwaudhi wanadamu. Na kinga yao ilikuwa moto usiozimwa jikoni pamoja na chekeche litundikwalo mlangoni, kwa maana kijitu huyo akiliona hushikwa na tamaa ya kuyahesabu matundu yake mpaka kunakucha. Ama watu wa Iceland, wao wana Grýla, jimama la milimani lipikalo watoto watukutu na kuwala, na khofu yake ilikuwa imekita mioyoni kiasi kwamba mwaka 1746 serikali ya Denmark, iliyokuwa ikikitawala kisiwa kile, ilitoa amri ya kuwakataza watu kuwatisha watoto kwa viumbe wa namna hiyo.

Wenye elimu ya mambo haya aghalabu husema kwamba asili ya khofu hizo ni giza na baridi: jua limedhoofika, chakula kiko ghalani na hakiongezeki, na upepo ukivuma juu ya paa mtu huona kama kwamba kuna mwenye kubisha hodi. Maelezo hayo yana haki yake, lakini hayatoshi, na wa kuyapima ni sisi tuliokaa karibu na mstari wa ikweta. Mji wa Arua, katika nchi ya West Nile kaskazini-magharibi ya Uganda, uko takriban digrii tatu tu kaskazini ya mstari huo, na Koboko hauko mbali nao, pale ambapo mipaka ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini inakaribiana. Huko mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, na theluji haijulikani ila kwa picha za kadi. Hata hivyo msimu wa Krismasi huko una khofu zake, na zina nguvu, na sababu yake sharti itafutwe pengine.

Sababu yenyewe, kwa rai yangu, ni ukavu. Mvua za West Nile, ambazo hushadidi kuanzia Agosti hata Oktoba, hukatika kuelekea mwisho wa Novemba, na Desemba inapoingia wimbi, mtama na ufuta vimekwisha kuvunwa, majani marefu yaliyokuwa yakiziba njia yamekauka na kuanza kuchomwa moto, na mito iliyokuwa haivukiki imeshuka hata mawe ya vivukoni yakaonekana. Mwituni ambako kwa miezi mingi hapakuendeka pamefunguka. Wanaume hutoka kuwinda katika majani yaliyoungua. Vijana huenda kwenye ngoma vijiji vya mbali, wakifuata sauti ya mabaragumu ya agwara. Shule zimefungwa, na watoto wa mjini wanapelekwa kwa babu na bibi. Mabasi yanayotoka Kampala yanapita Karuma na Pakwach usiku kucha, yakiwashusha watu Arua alfajiri na mizigo ya sikukuu vichwani. Pombe ya kwete iko tayari, nyama inachomwa, na kila mtu yuko njiani akienda kwa mwenziwe. Msimu wa mavuno na furaha ndio huo huo msimu wa kutembea usiku, kuvuka maji na kukutana na wageni, na mambo hayo matatu ndiyo yaliyozaa viumbe wa kuogofya wa Walugbara, wenyeji wa Arua.

Mkuu wao ni Adro. Walugbara tangu zamani wamemkiri Mungu aliye juu, Adroa, muumba wa watu, aliye mbali, asiye na umbo, ambaye uhai na mauti vyote vimo mkononi mwake. Lakini pamoja naye wamesimulia habari za Adro akaaye chini, karibu na watu, katika mito na mabonde, kwenye miti mikubwa na majabali, naye ana sura. John Middleton, mtaalamu wa mila kutoka Uingereza aliyekaa miongoni mwao mwanzoni mwa miaka ya 1950, kisha mwaka 1960 akachapisha kitabu kikubwa juu ya dini yao, aliandika aliyoyasikia kwa wazee: Adro ni mrefu mno, mweupe, mwenye umbo la binadamu aliyepasuliwa katikati toka utosini, mwenye jicho moja, sikio moja, mkono mmoja na mguu mmoja, ambao kwa huo hurukaruka ukingoni mwa maji. Amwonaye hufa. Hula maiti, huleta maradhi, na mwenye kupita peke yake katika makao yake hujitia hatarini.

Adro ana watoto, waitwao Adroanzi, wenye kulinda vijito, miti na mawe, na vilevile vichaka vitakatifu vya kuombea mvua. Hao ndio wenye kukutana na wasafiri wa sikukuu. Mwazie mtu anayerejea ngomani saa nane za usiku, akashuka kwenye bonde la Enyau, mto unaopita karibu na Arua: maji ni kidogo, yanasikika tu yakipita baina ya mawe; matete yamesimama meusi pande zote; harufu ya majivu ya majani yaliyochomwa mchana ingali hewani; na pale anapoanza kupanda ng'ambo ya pili husikia nyuma yake mkwaruzo mwepesi juu ya makapi makavu, ambao akienda upesi huenda upesi, na akisimama husimama. Aliyelelewa vyema anajua la kufanya. Hatageuka. Maana Walugbara wasema kwamba Adroanzi humfuata mtu usiku ili kumhifadhi na wanyama na maadui hata afike kwake salama, na madhali anatazama mbele hana la kuogopa. Lakini akigeuza shingo tu kuwaangalia, wao wenyewe humwua.

Itikadi hii inanistaajabisha kila niifikiripo, na sidhani kwamba Ulaya ina mfano wake katika visa vyake vya Krismasi. Krampus humwadhibu mkosaji, Grýla humla mtukutu; kitisho chao kiko upande mmoja na huruma ya Mtakatifu iko upande mwingine. Wana wa Adro ni walinzi na wauaji kwa pamoja, na kinachoamua watakuwa wepi kati ya hao ni staha ya yule wanayemfuata. Mtoto aliyefundishwa hayo hakufundishwa kuogopa usiku tu. Amefunzwa kwamba viko vitu vinavyomsaidia ambavyo hana haki ya kuvipekua. Hali kadhalika nguvu ya uganga: Middleton alieleza kwamba mwanamke awaye mpiga ramli huwa amechukuliwa na Adro tangu usichana wake, akatanga mwituni kama aliyerukwa na akili, kisha akarudi nyumbani na uwezo wa kufumbua sababu za maradhi ya watu. Mwituni mnakotoka ugonjwa ndimo mnamotoka na tiba.

Ili kuyafahamu haya vizuri ni lazima kuutazama mji wa Mlugbara wa zamani ulivyopangwa. Ndani ya boma, karibu na nyumba na maghala ya nafaka, palikuwa na vijumba vidogo vya mawe vya mizimu ya mababu, ambao walipewa sehemu yao ya nyama na pombe na ambao hasira yao iliwashukia wale waliovunja heshima za ukoo. Hao ni watu wa nyumbani, wenye majina na nasaba. Adro hana nasaba. Makao yake yanaanzia pale shamba linapokoma. Kwa hiyo katika mwaka mzima mtu aliishi baina ya khofu mbili, moja ya wakubwa wake waliokufa na moja ya nusu-mtu wa mtoni, na kiangazi ndicho kilichomtoa katika ile ya kwanza na kumpeleka katika ile ya pili. Wakakwa wa Koboko wana lugha nyingine kabisa, jamaa ya Kibari, na Wabari nao wamepokea kwa wazee wao habari za Mungu wa juu na Mungu wa chini. Tofauti ya lugha haikuizuia fikra hiyo kuenea pande zote mbili.

Wala nusu-mtu si wa West Nile peke yake. Wanyanja wa Malawi walikuwa na Chiruwi wao, ambaye upande mmoja wa mwili wake ni nta, ambaye hukutana na mtu msituni akamlazimisha kushindana naye mieleka; mtu akishindwa hufa, na akishinda huonyeshwa dawa za miti. Katika vitabu vya Waarabu yumo nasnasi, mwenye nusu kichwa, nusu kiwiliwili, mkono mmoja na mguu mmoja, na Masudi, mwanahistoria wa karne ya kumi, alimtaja huku akionyesha shaka juu ya wenye kudai kwamba wamemwona. Kutoka Yemen hata ziwa Nyasa, na kutoka Nyasa hata mto Enyau, umbo ni lilelile. Sithubutu kusema nani alijifunza kwa nani. Lakini itakuwa vigumu kuamini kwamba watu wengi hivyo walilibuni jambo moja bila ya sababu moja, nami naona sababu ni kwamba mwanadamu, akitaka kukisawiri kilicho nje ya utu lakini karibu nao, hana njia iliyo dhahiri zaidi kuliko kumchukua mtu na kumpunguza nusu.

Kuna kiumbe mwingine ambaye, katika jioni za likizo, watoto wakiwa wameketi kuuzunguka moto, husimuliwa kwa sauti nyingine kabisa, kwa maana yeye ni babu yao. Hekaya yenyewe yaanzia mwanzo wa dunia, wakati Mungu alipomwumba Gborogboro na mkewe Meme, akawatia wanyama wote tumboni mwa Meme, wakatoka, swala akiwa wa kwanza kuponyoka, kisha ndipo alipozaliwa mtoto wa kiume na wa kike. Baada ya vizazi kadha wakatokea mashujaa wawili, Jaki na Dribidu, na ndio ambao koo za Walugbara hujinasibu kwao. Dribidu alikuwa na manyoya mwili mzima. Alikaa ng'ambo ya mashariki ya Nile, na huko alikuwa akiwala watoto wake mwenyewe, hata akafahamika na kufukuzwa, akauvuka mto na kufika mlima Eti, ambao ramani za leo huuita Wati. Hapo alimkuta mwanamke mwenye ukoma, ambaye alimpa moto wa kupikia nyama yake; naye Dribidu akamponya mwanamke huyo kwa dawa ambayo siri yake imepotea, akakaa naye, wakazaa, na wazao wao wakawa watu wa nchi. Jaki naye habari zake ziko karibu na hizo, ila mlima wake ni Liru, ule unaoonekana na mtu aliye Koboko, na huko ndiko inakosemwa kwamba alifia.

Tazama basi jinsi hekaya hii ilivyotofautiana na ya Grýla. Jimama la Iceland linabaki mlimani milele na kila mwaka hushuka kutafuta watoto. Mla-watoto wa Walugbara alivuka maji, akapewa moto na mgonjwa aliyetengwa na watu wote, akamtibu, na tangu hapo akawa binadamu. Mtoto wa Arua anayeambiwa kwamba mlimani Wati alikaa mtu wa manyoya aliyekula wanawe, huambiwa vilevile kwamba damu ya mtu huyo imo ndani yake, na kwamba unyama uliachwa kwa sababu ya moto uliotolewa kwa mgeni. Katika msimu ambao wageni wanaingia kila nyumba, sijui kama lingeweza kuteuliwa somo lililo bora zaidi.

Lakini wageni hawakuwa wema siku zote, na khofu nayo iliandika historia kwa njia yake. Katika karne ya kumi na tisa waliingia nchi hizo, kutoka kaskazini, wafanya biashara ya pembe na watumwa. Mwaka 1894 nchi ile, ikihesabiwa sehemu ya Lado, ilikodishwa kwa mfalme Leopold wa Ubelgiji. Alipofariki mwaka 1909 ilirudi Sudan, na mwaka 1914 ikaunganishwa na Uganda. Katika mabadiliko hayo ya mabwana Walugbara walisimuliana kwamba Wazungu ni wala-watu, kwamba katika nchi yao hutembea kwa vichwa miguu ikiwa juu, na kwamba wakigunduliwa huzama chini ya ardhi wakaibuka mbali. Wako wanaoyasoma haya kama ujinga. Mimi nayaona kuwa ushahidi wa watu waliokwisha kuibiwa ndugu zao, na ambao hawakuwa na kamusi nyingine ya kuwaelezea watu wasiofuata mila ya binadamu ila kamusi ile ile iliyomweleza Dribidu kabla hajavuka mto. Misheni ya Wakatoliki ya Ediofe na ile ya Waprotestanti ya Mvara, zilizoanza karibu na mwisho wa vita vya kwanza vya dunia, ndizo zilizoileta Krismasi yenyewe, nayo ikaangukia, kwa kudra, katika kiangazi, msimu ambao tayari ulikuwa na ngoma zake na vitisho vyake. Na Wanubi, wazao wa askari wa Emin Pasha, ambao ni Waislamu na wana mitaa yao Arua na Koboko, wakaongeza katika chungu kile hadithi zao za majini na afriti.

Yote niliyoyaeleza hadi hapa nayapenda, na ningetaka yadumu. Liko moja nisilolipenda, nalo ni sharti lisemwe katika mazungumzo haya haya, kwa sababu linatokea usiku ule ule. Mbali na Adro na wanawe, Walugbara walimwogopa mchawi, ambaye si kiumbe wa mtoni, ni jirani. Husemwa kwamba hutembea usiku kwa umbo la panya, chui au nyoka, au kama nuru inayosogea yenyewe gizani, na kwamba mchana hutambulika kwa tabia: hula peke yake, haamkii watu, hununa, na macho yake huikodolea nyama ya mwenziwe. Sikukuu ni wakati ambapo tabia hizo huonekana kwa urahisi, maana ndipo nyama inapogawanywa, na mzee aliyesahauliwa katika mgao hukaa pembeni akiwa amekunja uso. Mtoto akiugua wiki ile, watu hukumbuka uso ule.

Khofu ya Adro haijamwua mtu, kwa kuwa hakuna awezaye kumkamata Adro. Khofu ya jirani ina mtu wa kukamatwa. Zanzibar ilitufunza jambo hili mwaka 1995, katika mwezi mtukufu wa Ramadhani, pale habari za Popobawa, shetani wa usiku ambaye Wapemba walimjua tangu 1965, zilipozuka tena Pemba na kuvuka hadi Unguja. Watu walikesha nje pamoja, wameuzunguka moto, na mpaka hapo hapakuwa na madhara. Lakini mjini Unguja umati ulimwangukia mtu mmoja mgonjwa wa akili, mgeni kutoka bara, kwa dhana kwamba yeye ndiye, ukamwua. Na huko Usukuma wanawake wazee wangapi wameuawa kwa kosa la macho mekundu, ilhali wekundu ule ni wa moshi wa jikoni walimowapikia wauaji wao walipokuwa watoto!

Kwa hiyo nawaomba wazazi wa Arua na Koboko, na wale wa Kampala wanaowapeleka watoto wao huko kila Desemba. Wakalisheni watoto kwa bibi na babu zao, redio na simu zikiwa zimezimwa kwa saa moja, wasimuliwe habari za Adro, za Adroanzi na za Dribidu kwa Kilugbara, na visa vya Wakakwa kwa Kikakwa. Na kijana ajuaye kuandika aviandike kama vinavyosemwa, akitaja na mto au jabali ambalo kisa chake ni cha hapo, maana wazee wanaovijua wanapungua kila mwaka. Mazungumzo yakielekea kwa mzee fulani wa boma la pili, kwamba ameonekana usiku na nuru mkononi, yakatisheni hapo hapo mbele ya watoto, na asubuhi yake mpelekeeni mzee huyo sehemu yake ya nyama.